Nilijua Breki za Baba Mkwe Ni Mbovu, Nikanyamaza

Ndugu msomaji, kosa ni langu, na sitaki unitafutie mtu wa kulaumiwa pamoja nami. Mimi ni fundi wa magari hapa Migori. Jina langu liache, halitakusaidia kitu.

Baba wa mke wangu alikuwa na pikapu. Alikuwa akinunua samaki wakavu Homa Bay na kuwapelekea wachimba dhahabu wa Macalder, kisha anarudi na magunia ya mahindi. Alikuwa mtu mkali, anayevaa koti hata jua likiwaka, na nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa D.O., mkuu wa tarafa. Kwetu Wajaluo baba mkwe haheshimiwi nusu nusu. Humkatizi maneno, humtanii, na yeye hawezi kulala nyumbani kwako hata mvua inyeshe namna gani. Sisemi haya kujitetea. Nataka tu ujue ujinga wangu ulianzia wapi.

Siku moja mchana alisimamisha pikapu mbele ya gereji yangu, akiwa njiani kurudi kwake, na mahindi yamejaa nyuma.

"Ora," aliniita, maana ndivyo mkwe anavyoitwa kwetu. "Hii gari imeanza kunisumbua. Nikifika maili hamsini halafu nikanyage breki, stering inatetemeka mpaka mikono inauma."

"Na usipokanyaga breki, Baba, bado inatetemeka?"

"Hapana. Ni mpaka nikanyage."

Hapo hapo nilijua. Usukani ukitetemeka muda wote gari linapokimbia, unatazama matairi na magurudumu. Ukitetemeka pale tu unapofunga breki, ugonjwa uko kwenye dramu, lile bakuli la chuma ambalo breki hulishika kwa ndani. Likipoteza uduara wake likawa kama yai, breki inashika na kuachia, inashika na kuachia, na mtikisiko wote unapanda mikononi. Kazi hii nilikuwa nimeifanya mara nyingi sana, sikuwa na shaka hata kidogo.

Nikamwambia ningependa kufungua magurudumu ya mbele nione dramu zikoje. Akanikatiza.

"Breki ilifunguliwa Kisumu mwezi juzi, na fundi aliyefundishwa na Mzungu. Wewe nibadilishie taili tu, ya mbele iende nyuma. Leo nataka kufika nyumbani."

Sasa nifanye nini? Ilikuwa imefika saa tisa. Dramu ikiwa mbovu ingebidi ipelekwe Kisumu kuchongwa, na pikapu ingekaa kwangu siku mbili au tatu. Mzee angelala wapi? Si kwangu. Ningelazimika kumtafutia kitanda kwa watu, na kabla ya hapo nimwambie, mbele ya wateja waliokuwa wamekaa pale kwenye benchi, kwamba fundi wake wa Kisumu alimdanganya. 

"Sawa, Baba," nikasema.

Sawa! Mpaka leo neno hilo silitamki tena.

Nikabadilisha matairi, nikakaza nati zote, nikapaka grisi mahali ambapo hapakuhitaji grisi. Kisha nikaliendesha kulijaribu, mpaka darajani na kurudi, kwa mwendo wa maili thelathini kwa saa. Kwa mwendo huo dramu mbovu inaweza kunyamaza kabisa, na hilo nalo nililijua. Nilichagua mwendo ambao haungeniaibisha. Nikamrudishia ufunguo na kumwambia, "Imepona, Baba." Mke wangu alikuwa amemletea uji, wakaongea kidogo wakicheka, kisha mzee akawasha gari akaenda.

Hakufika nyumbani. Kwenye mteremko wa kushukia Homa Bay alikanyaga breki. Jirani yake, aliyempakia njiani na ambaye alivunjika mguu, alisema usukani ulitetemeka vibaya, halafu ukasikika mlio wa chuma, na pikapu ikajivuta yenyewe kulia mpaka ikapinduka mtaroni. Mzee alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Polisi walipomaliza kuandika mambo yao, shemeji zangu walinituma nikaivute pikapu, kwa sababu mimi ndiye fundi wa familia. Nilifungua gurudumu la mbele la kulia nikiwa peke yangu. Dramu ilikuwa imepasuka, na kipande chake kilikuwa kimekwama kati ya breki na gurudumu. Nilikaa chini nikalia. Baada ya kulia, nilifunga vipande vile kwenye gunia nikaenda kuvitupa mtoni.

Ungefikiri hapo ndipo mwisho wa ubaya wangu. La.

Mzee alikuwa na mshindani katika biashara ya samaki, mjane mmoja, Mama Auma, ambaye walikuwa wamegombania naye wateja wa Macalder mpaka wakarushiana maneno sokoni. Matangani watu wakaanza kunong'ona kwamba mama huyo alitia kitu cha kichawi kwenye gari. Shemeji yangu mkubwa akanisimamisha katikati ya watu.

"Wewe ndiye uliyeishika hii gari mwisho. Sema. Gari ya baba ilikuwa na nini?"

Nilimwona Mama Auma amesimama nyuma kabisa, na leso kichwani. Alikuwa amekuja kuzika kama wengine. Alinitazama akingoja nijibu.

"Gari ilikuwa nzima," nikasema.

Gari nzima haimuui mtu bure, ndivyo walivyoelewa. Kabla ya siku za matanga kwisha nyumba ya yule mama ilichomwa. Alichukua watoto wake wanne akavuka ziwa kurudi kisiwani Rusinga alikozaliwa. Nasikia siku hizi analima mashamba ya watu ili wapate kula, na hata kwao wanaogopa kupokea chakula mkononi mwake. Mimi ndiye niliyemfanya mchawi.

Naye mke wangu, maskini, huwaambia wageni kwamba angalau siku yake ya mwisho baba yake alihudumiwa na mkwe mwema. Nikimsikia huwa natoka nje.

Ninyi mafundi, nawasihi: usukani ukitetemeka kwa breki, fungua dramu, hata kama mwenye gari ni baba mkwe wako, ni padri, ni mkuu wa wilaya. Lijaribu kwa mwendo ule ule anaoulalamikia mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike. Heshima niliyompa mimi ndiyo iliyomzika. Na ukishakosea, kiri siku hiyo hiyo, kabla watu hawajajitafutia mchawi.

Mke wangu hajui kusoma. Kila gazeti likifika Migori mimi ndiye ninayemsomea, tukiwa tumekaa mbele ya nyumba, ukurasa mmoja baada ya mwingine, naye anachambua mboga na kuuliza maswali. Barua hii ikichapishwa nitaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Akiniuliza fundi huyu ni nani, nitamwambia, kisha nitatafuta mtumbwi wa kwenda Rusinga kwa Mama Auma.