Kompyuta Iliyozimika Kila Ijumaa

Wiki nzima kompyuta yetu ilikuwa na adabu zake. Nachapa kazi za watu, nacheza karata, naiacha inaimba taarab mpaka naichoka mwenyewe, haina neno. Ikifika Ijumaa baada ya sala, dada yangu akipiga simu ya picha kutoka Maskati, yeye na mama hawajamaliza hata kuulizana habari za watoto, skrini inakuwa nyeusi. Halafu inajiwasha upya, taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Lingekuwa jambo la kuchekesha lau si mama. Dada aliolewa na mtu ambaye mama hakumtaka, akaondoka naye, na mama na mwana wakanyamaziana miaka. Dada alipoanza kupiga, mama alivuta kiti tu, akakaa. Macho yake hayaoni vizuri. Kwenye simu ya mkononi uso wa dada kwake ni doa, kwenye skrini kubwa anaiona hata hina ya vidoleni. Kwa hiyo kila mashine ikizima, mama aliamini kitu kimoja: mwanawe amemkatia.

"Mama, ni mashine," nikamwambia.

"Mashine inaijua Ijumaa?"

Swali lile liliniudhi kuliko mashine yenyewe. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaulaumu umeme, maana huku Mji Mkongwe umeme ndio wa kwanza kulaumiwa, nikanunua stabilaiza ya kuutuliza. Mashine ikazima. Nikaibeba hadi kwa fundi Darajani. Akabadilisha pawasapulai, kile kisanduku cha kuipa mashine umeme, akaiacha inawaka kutwa dukani kwake, akaniambia haina kitu, labda mwenye kitu ni mimi. Nikairudisha nyumbani. Ijumaa ikazima.

Ijumaa iliyofuata mama alivaa kanga mpya, akasema kwa utulivu, "Leo akinikatia, basi. Sikai tena kwenye kiti hichi."

Namjua mama. Akisema basi, huwa basi. Niliogopa, wala sina haja ya kuficha.

Kwa kawaida nilikuwa nikiwaunganisha, kisha natoka, kwani maneno ya mama na mwanawe hayataki mtu wa tatu. Siku ile nilibanza nyuma ya pazia la mlango. Wakaamkiana. Mama akamwambia dada angoje kidogo, akainuka, akapapasa ukuta, akanipita bila ya kuniona, akaenda jikoni. Akarudi na chetezo, makaa mekundu, udi unafuka. Nyumba yetu hufukizwa kila Ijumaa, na harufu ile mimi nilishaizoea hata siisikii. Nilichokuwa sikijui ni pale anapokiweka chetezo. Alikiweka sakafuni, kimegusana na kasha la kompyuta, penye matundu ya feni, na feni ikawa inauvuta moshi na joto lote ndani.

Nikaingia nimeshajitayarisha kugomba. "Mama, chetezo hapa kinafanya nini?"

"Mtu akija kwao hafukiziwi?" akaniuliza. "Mwanangu anaingilia hapo."

Hasira zote zikanitoka. Nikakichukua chetezo, nikakiweka mbali karibu na dirisha, nikamweleza kwamba mashine ilikuwa ikipata moto mpaka inazima yenyewe. Fundi asingeweza kuligundua hilo. Dukani kwake hakuna anayemfukizia mtu udi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake hauonyeshi kitu. Kisha akaigeukia skrini, akamwita dada kwa jina.

"Naam, mama."

"Kumbe hukuwa ukinikatia."

"Mimi nilijua wewe ndiye unayenizimia," dada akasema. "Nilijua ukishaniona kidogo unachoka na mimi."

"Na kila Ijumaa ukapiga?"

"Nikapiga."

Mama akasogeza kiti mbele mpaka magoti yake yakagusa meza. Alikuwa akilia, na dada naye alikuwa akilia kule. Nikatoka, nikawafungia mlango.