Roboti Iliyomfukuza Bibi

Jirani yangu, bibi wa kabila la Wasubi aliyezaliwa hapa hapa kijijini Runazi, alikuja kwangu asubuhi ameshika simu kama kitu kilichomuuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimewakosea nini mpaka mnifukuze?"

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Tulikuwa na kundi la kuchati, na ndani yake roboti ya kujibu maswali ya kilimo, tuliyowekewa na fundi mmoja wa mjini. Roboti hiyo ilipewa pia mamlaka ya kufuta ujumbe na kutoa watu. Siku hizo ilikuwa ikiwatoa wenzetu bila sababu, nasi tukidhani ni mtandao.

Nikasoma alichoandika bibi: "Muhogo huu mpya unafaa kura mbichi?" Aliletewa mbegu na ndugu zake wa Nyakisasa, akaogopa mihogo isije ikawa michungu ikawadhuru wajukuu.

Nikaandika swali lile lile kwa simu yangu, ila nikaweka "kula". Roboti ikajibu vizuri: usile mbichi kabla ya kuijua mbegu. Nikarudia na "kura". Ujumbe ukafutwa papo hapo, na kwa kuwa mimi ni msimamizi wa kundi sikutolewa, likaja onyo tu: "Siasa haziruhusiwi."

Nilimpigia fundi, bibi akiwa kando yangu. Akakiri kwamba neno kura alilizuia yeye.

"Lakini mama," akaniambia, "kosa si la roboti. Waambie watu wako waandike Kiswahili fasaha."

"Wewe umeelewa bibi aliuliza nini?"

"Nimeelewa."

"Basi roboti yako nayo ielewe. Huku tunatamka hivi, tunaandika hivi, na hatuombi radhi."

Akasema nikiendelea hivyo ataiondoa. Nikamwambia aiondoe. Sikungoja hata akate simu. Niliinyang'anya roboti usimamizi, nikamrudisha bibi, kisha wote waliotolewa. Mwenyekiti wetu aliogopa tutakosa huduma. Nikamjibu kuwa huduma inayomfungia mama mzee mlango kwa herufi moja sitaipigia magoti.

Fundi aliiondoa kweli, tukakaa bila roboti majuma kadhaa, tukiulizana wenyewe na afisa ugani. Kisha fundi akapiga simu, sauti imeshuka: amelifungua lile neno, je, airudishe roboti? Nikakubali, kwa sharti kwamba itajibu tu. Kumtoa mtu ni uamuzi wa kikao, watu wakitazamana usoni. Akanuna. Na anune.