Mwaka Aliotaka Kupungua

Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Nateete, na kazi ya cherehani ni kazi ya kukaa. Alikaa barazani tangu asubuhi hadi magharibi, miguu tu ikienda, na kikombe chake cha chai kilirudi kwangu mara nyingi kwa siku kujazwa tena, vijiko vinne vya sukari. Chakula chake kilikuwa matoke na mchuzi wa karanga, viazi vitamu pembeni. Aliponioa alikuwa mwembamba. Tulipofikisha watoto watatu, mimi ndiye niliyemfungia kamba za viatu kwa sababu hakuweza kuinama.

Daktari wake alikuwa Mhindi mmoja mzee mwenye zahanati karibu na soko. Alimpima mkojo, akamwambia ana ugonjwa wa sukari na kwamba asipoondoa mafuta yale ya tumboni hatafika mbali. Dawa hakumpa nyingi. Alimwandikia karatasi: aache matoke, posho ya mahindi, wali, mkate, viazi, muhogo na sukari, ale mayai, samaki, nyama, kabichi na mboga za majani kama dodo na nakati, na atembee saa nzima kila siku mpaka jasho litoke. Miezi michache baadaye Wahindi waliamriwa waondoke nchini, naye akaenda zake na masanduku mawili. Karatasi yake tuliibandika jikoni.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Kichwa kilimuuma, mikono ikamtetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na alikuwa mkali kwa watoto. Mama mkwe wangu alipotutembelea, akaona sahani ya mwanawe ina samaki na mboga peke yake, alinivuta pembeni akaniuliza kama tumegombana. Kwetu mtu asiyekula matoke hajala.

Kisha mwili ukakubali. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alijizungushia kiunoni futi yake ya kazi, na jioni akafumua suruali yake na kuipunguza. Sukari ilipotoweka madukani na watu wakawa wanapanga foleni kwa kilo moja, alisema serikali nayo imeisoma karatasi ya daktari. Nilimziba mdomo kwa kiganja. Mwaka ule watu walichukuliwa na askari kwa maneno madogo kuliko hayo. Nyama ilipopanda bei na mayai yakawa hayaonekani, nilimpikia mukene, wale dagaa wa ziwani, siku sita kwa wiki, naye hakulalamika.

Kutembea tulitembea pamoja. Mwanamume anayetembea peke yake asubuhi bila mzigo huulizwa maswali. Mume na mke huonekana kama watu wanaokwenda hospitali au msibani. Tulisubiri kupambazuke baada ya sala, tukashuka Ndeeba mpaka Katwe, pale mafundi wa vyuma wanapofungua karakana zao, kisha tukageuka. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukisimamishwa tuseme tunakwenda kumwona mgonjwa.

Asubuhi moja, karibu na Katwe, tulikuta kizuizi ambacho jana yake hakikuwepo. Askari walikuwa watatu. Mmoja mrefu alituuliza, "Nyinyi nakwenda wapi?"

Mpaka leo sijui kwa nini mume wangu hakusema tulivyokubaliana. Labda alikuwa ameanza kujivunia. Alisema, "Tunatembea tu, afande. Daktari ameniambia nipunguze mwili."

Yule askari alimtazama kuanzia miguuni. "Watu nakosa chakula, wewe nataka punguza? Wewe mafuta mingi?"

Mafuta mingi ndilo jina walilopewa wale waliogawiwa maduka ya Wahindi wakatajirika. Mume wangu hakugawiwa hata kibanda. Alionyesha vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano, akaeleza kwamba yeye ni fundi. Askari akasema kama anataka mazoezi, wao watamsaidia. Wakamvua viatu, wakamwamuru ashike masikio na aruke kichura kwenye kokoto. Kisha askari akanigeukia mimi.

"Mama, wewe hesabu. Mia moja."

Nikahesabu. Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wakifungua milango yao, na kila aliyetuona aliinamisha macho. Kufika thelathini alikuwa akianguka kwa mikono na kuinuka tena. Nyayo zilikuwa zimechanika, nilikuwa naziona. Kwenye arobaini na mbili sikuweza zaidi, nikaruka namba, nikasema hamsini.

Askari hakupandisha sauti. "Mama nadanganya. Anza moja."

Mume wangu aligeuza uso akanitazama mara moja tu. Nikaanza moja.

Walipotuachia, viatu vilibaki kwao. Tulirudi polepole, mkono wake begani kwangu. Tulipofika Ndeeba nilimwambia, "Nilifikiri nakupunguzia." Akajibu, "Najua." Hatukulizungumza tena jambo lile, si siku hiyo wala baadaye.

Kesho yake hakuamka kutembea. Siku ya tatu aliniambia, "Mama watoto, nipikie matoke." Nilimkumbusha ile karatasi. Akasema nipike tu, amechoka. Nikapika. Alikula bila hamu, kama mtu anayemaliza kazi ya mteja, akaomba nyingine. Suruali alizozipunguza zilikataa kupita mapajani.

Kidonda kimoja chini ya unyayo hakikupona. Niliosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kwa vitambaa safi vya kazini kwake, lakini kilizidi kuchimba. Hospitali tulikwenda tumechelewa, na dawa hazikuwepo. Walikata vidole viwili.

Muuguzi aliyejaza faili aliniuliza kama mgonjwa alikuwa akifuata chakula alichoandikiwa, na kama alifanya mazoezi. Alikuwa mwanamke mpole. Kwenye kitanda cha pili alilala askari mwenye mguu uliovunjika, akitusikiliza kwa kukosa la kufanya.

"Hapana," nikasema. "Alipenda matoke, na kutembea alikuwa mvivu."

Muuguzi akaandika. Mume wangu alikuwa macho, uso ameuelekeza ukutani. Alifariki siku nne baadaye.