Mkono Ndani ya Hotipoti

Baada ya dozi ya tatu ya dawa ya saratani, mishipa ya Baba ilijificha. Mtu aliyepasua miamba mgodini ujana wake wote! Nesi wa hospitali ile ya Kasese alimpapasa mikono yote miwili, akamchoma mara mbili, akakosa mara mbili.

"Mzee, ngozi yako imepoa, damu haiji juu," alisema, kisha akatugeukia mimi na Mama. "Aloweke mkono kwenye maji ya vuguvugu. Lakini miguu isiguse joto kabisa."

Miguu ilikuwa na kesi yake. Dawa ileile ilikuwa imejaza damu kwenye nyayo, zikawa nyekundu na kuwaka, joto lingezichubua.

Tulikuwa tumetoka Bwera alfajiri bila chombo cha kulowekea. Mlinzi alituazima beseni, tukalitia maji ya bomba kwa ajili ya miguu. Kwa mkono ilibaki hotipoti ya Mama. Alipakua wali wote kwenye mfuniko, akanitazama kana kwamba saratani niliileta mimi.

Basi Baba akaketi kwenye benchi la ukumbini, miguu katika baridi, mkono katika joto, taulo juu ya hotipoti. Mvuke ulitoka na harufu ya wali. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Kongo akasogea na sahani.

"Muzee, supu iko bei gani?"

Baba hakucheka. "Bado haijaiva."

Yule mama akaketi kungoja. Nyuma yake akaja mwingine na kikombe, kisha wa tatu. Nesi alipotoka akaona foleni, akaanza kuwadai kadi za matibabu.

"Supu nayo iko na kadi?" mama wa Kongo akauliza.

Nesi hakumwelewa. Akafunua taulo, akautoa mkono wa Baba, mwekundu, unatiririka maji. Sahani ikaanguka.

"Yesu! Wanapika mutu!"

Mishipa ilikuwa imesimama kama mizizi. Sindano iliingia mara moja, ila Baba alicheka hadi benchi likatikisika.

"Mzee, tulia!" nesi akafoka. "Itatoka!"

Dozi zilizobaki alizimaliza kabla ya Krismasi. Nyayo zilichubuka, zikaota ngozi mpya, laini mno, na kwa miezi mingi alitembea uani Bwera kwa hatua ndogondogo, akilalamika kwamba changarawe zimeongezeka.