Maji ya Kombe

Wareno walipotuhamisha vijijini kwetu Kionga na kutufungia ndani ya seng'enge, watu wote tulipewa kisima kimoja, na vyoo vikachimbwa juu yake kidogo, kwenye mteremko. Hapo hahitajiki msomi kujua kitakachofuata. Mwanangu wa kike, ndiyo kwanza anaanza kutembea, akashikwa na tumbo la kuhara damu.

Mume wangu alikuwa ng'ambo ya Ruvuma kibiashara, vita vimemfungia huko. Nyumbani tulikuwa mimi, mtoto na mama mkwe. Enfermeiro, muuguzi wa kituo cha Wareno, alinipa vidonge, akaniambia kila tone atakalokunywa mtoto lichemshwe, vijiko na nguo zake zichemshwe, na chooni tumwage chokaa. Chokaa haikutusumbua, watu wa pwani tunaichoma wenyewe kwa matumbawe. Taabu ilikuwa kuni. Kutoka nje ya seng'enge ni kwa ruhusa, na ruhusa ilikuja askari wakijisikia. Nilichoma makumbi ya nazi, nikachoma mpaka mpini wa jembe. Jirani akigusa kikombe cha mtoto, namfokea.

Damu ikakata, kisha ikarudi. Ikakata, ikarudi tena. Nilikuwa sili, silali. Nilitazama macho yake yalivyoingia ndani nikaogopa hata kuliita jina lake.

Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe amempakata, anamnywesha kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa akimwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, naye akiziosha kwa maji na kumpa mjukuu wake anywe.

"Mama, maji haya ya wapi?"

"Ya kisimani. Ya wapi tena?"

"Umeyachemsha?"

"Aya za Mungu niziroweke kwenye maji yaliyokufa? Yakishachemka yamekufa hayo, mwanangu. Kombe lataka maji mazima."

Nikisema kombe linamuua mtoto, nimekufuru. Nikinyamaza, mtoto anakwenda. Nikajifunga kanga, nikaenda kwa mwalimu, nikamweleza yote huku nalia.

"Mimi naandika aya," akasema. "Maji mnachota wenyewe. Yachemshe, yakipoa niletee, nizioshe aya kwa maji hayo mbele ya bibi yake mtoto."

Akafanya hivyo. Mama mkwe aliipokea sahani bila kunitazama, akamnywesha mtoto.

Kesho yake bunduki zikasikika upande wa Palma, askari wakafunga lango. Hakuna kutoka, hakuna kuni. Nikabaki na sufuria ya maji mabichi mbele ya jiko baridi, mtoto analia kiu kwa sauti iliyokwisha nguvu, na mimi nathubutu vipi kumpa? Nikawaza nimpe tu, maana kiu nayo inaua.

Ndipo nikasikia shoka chumbani. Mama mkwe alikuwa anapasua kitanda chake cha kuchongwa, alichoolewa nacho, ambacho juu yake alimzaa mume wangu.

"Unanitazama nini?" akasema, jasho linamtoka. "Bandika maji."

Kitanda kilitutosha mpaka lango likafunguliwa. Mtoto alipona. Bibi yake alilala chini kwenye mkeka mpaka vita vikaisha, na kila nilipotaka kumtafutia fundi alinijibu kwamba mgongo wake umeshazoea.