Ndovu Mwekundu wa Merikani

Nasema mapema, asije mtu akamsingizia marehemu mume wangu: yule ndovu mwekundu nilimchonga mimi, kwa mkono wangu, na sioni haya mpaka leo.

Tulikuwa na duka huku kwenye delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Mume wangu alikuwa akileta merikani, ile nguo nyeupe nzito ya ng'ambo, na ushuru akilipa forodhani kama watu wengine. Kila jora lilikuja na ndovu wa buluu, alama ya mwenye kiwanda, lakini alipigwa mara moja tu, kichwani mwa jora. Sasa wanawake wa kwetu, jamani, walikuwa wagumu. Nguo haivaliwi mpaka ndovu aonekane mgongoni, majirani wajue hukuvaa rahisi. Kipande cha kwanza walikigombea, vilivyobaki vikalala dukani.

Nikachoka. Nikachukua kipande cha mti wa mkandaa, nikachonga muhuri wa ndovu yule yule, nikachemsha magome mpaka rangi ikawa nyekundu, nikaanza kupiga. Nguo ni ile ile, kiwanda ni kile kile, kosa liko wapi? Mwezi haukuisha, kila njia unayopita unamwona ndovu wangu mgongoni mwa mtu. Furaha niliyokuwa nayo sijui niieleze vipi.

Ndipo vita vya Maji Maji vikaanza, kule milimani kwa Wamatumbi. Watu wakang'oa pamba ya Wajerumani, wakasema wana maji ya dawa, risasi haziwapati. Boma likaingiwa na hofu, askari wakawa wanaona ishara kila mahali. Wakamwona na ndovu wangu. Alama moja, nyekundu, kwenye migongo ya watu wa kila kijiji. Wakaja dukani wakamfunga mume wangu kamba, wakasema yeye ndiye anayewagawia watu alama ya vita. Na adhabu ya mtu wa vita ilikuwa kitanzi.

Niliwafuata mbio mpaka bomani, jora kichwani, muhuri kibindoni, kibuyu cha rangi mkononi, tope mpaka magotini. Bwana shauri, Mjerumani mkuu wa boma, alikuwa mezani na karani wake Mswahili. Mume wangu kasimama, hataki kunitaja. Kichwa kigumu yule.

"Mimi ndiye niliyepiga," nikasema.

"Bibi, rudi nyumbani," karani akaninong'oneza. "Hujui unajiingiza wapi."

Nilishapanda, sishuki. Nikalikunjua jora mbele yao, ndovu wa buluu akatokea. Nilipofungua kibuyu askari walirudi nyuma, wakidhani ni yale maji ya vita. Nikachovya muhuri, nikampiga ndovu wangu pembeni ya yule wa buluu. Bwana shauri akatazama huyu, akatazama yule, akauliza kwa nini. Nikamwaga yote, habari ya wanawake na migongo yao, bila kuvuta pumzi, karani akitafsiri huku akijizuia kucheka.

Mjerumani akafungua kitabu kinene, akasoma, akasema maneno mengi. Karani akanigeuzia kwa Kiswahili. Hivi si vita. Huku ni kupiga alama ya mwenye kiwanda bila ruhusa yake kwenye bidhaa iliyotoka ng'ambo, na ni jinai. Muhuri uchomwe, nguo zilizobaki zichomwe, na mwenye duka, kwa kuwa ndiye aliyeziingiza nchini, aende jela miezi mitatu.

Nikapiga kigelegele. Pale pale bomani, mbele ya askari na bunduki zao. Nikapiga na cha pili. Mume wangu akainua kichwa akanitazama, mara ya kwanza tangu wamfunge ile kamba.

Karani alidhani nimerukwa na akili. "Bibi, hukusikia? Mumeo anafungwa."

"Nimesikia," nikamwambia. "Miezi mitatu. Kisha anarudi."