Albamu ya Polepole ya Dell Pruchniak

Zamani mtu akitaka kusema kwamba albamu fulani ni nzuri ilimbidi aibebe kwapani, atembee nayo Barabara ya Lagrange katika theluji ya Toledo, Ohio, na kuiweka mbele ya watu waliokuwa tayari kumbishia. Siku hizi anabonyeza alama ya moyo kwa kidole gumba akiwa kitandani, na hayo ndiyo yanaitwa maoni.

Dell Pruchniak alikuwa mtu wa ile zamani. Aliacha shule akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akaingia kiwanda cha vioo, akasimama mbele ya tanuru mpaka kiwanda kilipofungwa na kumwachia mlio mdogo masikioni usiokoma. Kiwandani hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Msimamizi aliamuru, kengele ililia, watu walikula mkate wao na kurudi kwenye moto. Kanisani msemaji alikuwa padri. Nyumbani mkewe Gail, Mungu amrehemu, alimuuliza kama supu imekolea chumvi, na hata hapo alikuwa ameshaamua. Katika mji mzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo neno la Dell lilikuwa na uzito, napo ni duka la santuri la Lorna Vasko, Jumamosi mchana.

Lilikuwa duka jembamba lililobanwa kati ya dobi na mtengeneza majeneza, likinuka maboksi yaliyolowa na kahawa iliyoungua. Lorna aliuza kile ambacho maduka makubwa hayakukitaka: kazi za vijana waliorekodi katika chumba cha chini cha nyumba ya mama zao, wakapaka majalada rangi kwa mikono, kisha wakasafiri kwa gari bovu kutoka Dayton mpaka Duluth kwenda kupigia watu wachache waliosimama wamekunja mikono. Magazeti yaliuita muziki huo roki mbadala. Lorna aliuita muziki wa watu wasio na meneja.

Hapo dukani palikuwa na desturi. Kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, wateja wa kudumu walichagua albamu ya mwaka. Kila mmoja alikuja na moja. Lorna aliipiga upande mmoja, wote, tangu sindano inapogusa sahani mpaka inapoinuka, na muda wote huo hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo. Aliyesema neno alipoteza kura yake, na juu ya hapo alitoka kwenda kuwanunulia wenzake donati, hata kama nje barafu inanyesha. Sindano ikishainuka, ndipo ugomvi ulipoanza. Mwishoni mikono ilinyoshwa, na jalada la mshindi likapigiliwa misumari ukutani. Leo ukimwomba mtu anyamaze wimbo mmoja tu, atakutazama kama umemwomba figo.

Dell alikuwa na maoni juu ya kila kitu, tena si maoni ya kuokota. Alikuwa ameyasugua miaka mingi mbele ya tanuru, pasipo na mtu wa kumsikiliza. Alishikilia kwamba albamu haipimwi kwa wimbo wa kwanza, kwa sababu wa kwanza kila mtu anaweza kuupamba. Hupimwa kwa wa tatu, pale bendi inapodhani umeshakaa. Alisema albamu ya pili ndiyo inayowaumbua waongo. Alisema bendi ya Ohio, kusikokuwa na bahari, inayoimba habari za bahari ipuuzwe mpaka ikome. Na zaidi ya yote alisema muziki wa kweli ni wa polepole, kwa kuwa mtu aliyechoka kwelikweli hakimbii.

Mpinzani wake alikuwa Curtis Hatch, mpeleka barua, mtu mrefu mwenye magoti mabovu, aliyependa bendi za kupiga kelele na kumaliza upesi.

“Kusikiliza albamu zako, Dell,” Curtis alipenda kusema, “ni kama kungoja basi kwenye mvua, halafu likifika limeandikwa Halibebi Abiria.”

“Wewe wimbo ukipita dakika mbili unadhani sahani imekwama,” Dell alimjibu.

Walibishana hivyo mpaka nywele zikawaisha. Kama hawakuwa ndugu, basi hakuna ndugu.

Albamu iliyomjengea Dell jina ilitoka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bendi iliitwa Mabehewa Matupu, vijana wa mji mdogo wa wakulima huko Michigan, na albamu ikaitwa Ardhi Baada ya Mavuno. Jalada lilikuwa karatasi ngumu ya kahawia iliyogongwa mhuri wa jina la bendi na la albamu. Hapakuwa na picha, majina ya wapigaji wala maelezo yoyote. Dell aliinunua kwa kulipenda lile jalada. Alipoiweka kwenye mashine yake nyumbani, gitaa lilitoka kama lango zito linaloburutwa kwenye matope. Ngoma zilianguka moja moja, kila moja mbali na mwenzake. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyemaliza kulia zamani na sasa anaosha vyombo. Dell aliisikiliza pande zote mbili na viatu vyake vya kazini miguuni, na Gail alipomwita mezani hakusikia.

Jumamosi ya uchaguzi aliipeleka. Sindano ilipoinuka hapakuwa na ugomvi wa mara moja kama kawaida. Watu walikuwa wakijifuta macho. Dell akasimama, akaongea kuliko alivyowahi kuongea maishani mwake, juu ya sauti ile, juu ya uchovu, juu ya baba zao na viwanda. Hata Curtis alinyosha mkono, akanung'unika tu kwamba atasema alilazimishwa.

Tangu siku hiyo jalada la kahawia likawa juu ya mashine ya kuhesabia fedha, na kila albamu mpya ikapimwa kwa hilo. Wanafunzi wa chuo walikuja kutoka Ann Arbor kumuuliza Dell anaionaje bendi hii au ile. Lorna mwenyewe, kabla ya kuagiza mzigo, alimpigia simu. Noreen Szabo, mpishi wa shule, ndiye peke yake aliyewahi kusema kwamba ile sauti ina jambo lisilo sawa, kama inavutwa. Dell alimwambia, bila ukali, kwamba hawezi kuielewa kwa sababu hajawahi kuwa mwanamume aliyechoka. Noreen, yeye aliyepikia watoto mia nne kila siku, akarudi kwenye maboksi ya santuri za bei ya punguzo.

Miaka ikapita, nayo ikachukua kila kitu kwa utaratibu. Kiwanda kikafungwa, Gail akafa, maduka ya santuri mengine yote mjini yakageuka kuwa ya kuuza simu. Siku hizi zipo mashine zinazokuchagulia wimbo unaofuata kabla huu haujaisha, kana kwamba kusikiliza ni ugonjwa unaohitaji muuguzi. Lorna alishikilia mpaka mgongo wake ukakataa. Kiangazi kile akatangaza kwamba anafunga, anakwenda kukaa na binti yake Tucson, na kwamba Jumamosi ya mwisho hawatachagua albamu ya mwaka. Watachagua albamu ya miaka yote.

Dell hakulala vizuri majira yale. Hakuwa na mtoto wala nyumba ya maana ya kumwachia mtu. Alichokuwa nacho ni kwamba aliwahi kusikia kitu kabla ya wengine, akakisema, na kikawa kweli. Alitaka kisemwe hivyo mara moja tu, mbele ya wote, kabla taa hazijazimwa.

Siku ilipofika walikuwa kama kumi, wamekaa kwenye maboksi kwa sababu viti vilikuwa vimeshauzwa. Dell alikuja na nakala yake, imechakaa, ina mikwaruzo kila mahali. Hapo Curtis akatoa kitu kwenye mfuko wake wa zamani wa barua. Alikuwa amemwagizia zawadi. Kampuni fulani ya Chicago ilikuwa imeitoa upya Ardhi Baada ya Mavuno, sahani safi, bado imefungwa kwenye nailoni.

“Shika, mzee,” Curtis alisema. “Ukishinda, ushinde kwa sahani isiyokohoa. Nisije nikaambiwa nilikushinda kwa mikwaruzo.”

Lorna aliipokea, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma, yaliyotaja mwendo wa sahani. Akasema afadhali waipige ile ya zamani waliyoizoea. Curtis akalalamika kwamba zawadi yake inatupwa. Wote wakamtazama Dell.

“Weka mpya,” Dell alisema.

Lorna akaiweka sahani juu ya mashine. Kisha akasogeza swichi ndogo iliyo pembeni ya mashine, ile ya mwendo, kutoka mizunguko thelathini na tatu kwa dakika kwenda arobaini na tano, akashusha sindano.

Gitaa likaruka kama mbwa aliyefunguliwa. Ngoma zilikuwa zinakimbia. Halafu ikaja ile sauti, na ilikuwa ya msichana. Msichana wa miaka ishirini hivi, mwenye haraka, mwenye hasira nyepesi ya mtu anayetaka kuhama kwao, akiimba maneno yaleyale ambayo Dell aliyajua kama sala.

Hakuna aliyeweza kusema kitu. Sheria ilikuwa sheria. Dell akakaa kwenye boksi lake, mikono magotini, akasikiliza upande wote. Wimbo wa tatu, ule aliokuwa akiuita mazishi ya watu wasiokuwa na jeneza, ulikuwa wa kucheza. Mguu wa mtu mmoja nyuma ulianza kugonga sakafu, ukajizuia. Curtis alikuwa ameinamisha kichwa, na haikujulikana kama anacheka au anaomba radhi. Dell alitazama sindano ikisogea kuelekea katikati, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani mtu avunje desturi, aseme lolote.

Sindano ikainuka.

“Ni mwanamke,” Noreen alisema. “Miaka yote ile, Dell. Uliniambia siwezi kumwelewa.”

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wawili watatu, si kwa ubaya. Curtis akaapa kwamba hakujua, kwamba hakuifungua hata nailoni, na Dell akamwambia anaamini. Kisha akamgeukia Lorna.

“Wewe ulijua.”

“Nilijua Jumanne iliyofuata, baada ya ile kura,” Lorna alisema. “Niliiweka kwenye mashine ya nyuma, swichi ikiwa kwenye arobaini na tano.”

“Ukanyamaza.”

“Ulikuwa umeshaongea, Dell. Watu walitoka humu wakifuta macho. Ningesema nini?”

“Ungesema mwendo.”

Lorna akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani isiyokuwa na vumbi.

Curtis ndiye aliyejaribu kuokoa siku. Alisema albamu ni ile waliyoisikia wao, si ile waliyokusudia wapigaji; kwamba yeye, ambaye kila mtu anamjua anachukia vitu vya polepole, anaipa kura yake ile ya polepole, ya Dell. Akanyosha mkono. Mwingine akanyosha. Wakafuatana, mmoja baada ya mwingine, hata Noreen, aliyenyosha wake huku akitazama dirishani. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyesema albamu yake mwenyewe ni bora mara kumi, hakuna aliyemwita mwenzake kiziwi. Katika miaka yote ya duka lile Dell hakuwahi kuona kura iliyopita bila ugomvi, na aliielewa vizuri kuliko walivyodhani. Alikuwa ameona watu wakinyosha mikono hivyo mara moja tu, kiwandani, walipomchangia mzee aliyeungua.

“Shusheni mikono,” alisema.

“Umeshinda, bwana,” Curtis alisema. “Kubali walau mara moja.”

“Ya polepole ni bora. Nilisema hivyo, na bado nasema. Hii nyingine ni watoto wanaowahi basi. Lakini ya polepole hakuna aliyeipiga, Curtis. Hamwezi kulipigilia ukutani jina la watu ambao hawakuifanya.”

“Basi tuandike lako.”

“Mimi nilisahau swichi,” Dell alisema. “Hiyo ndiyo kazi yangu yote.”

Alivaa koti. Alimshukuru Curtis kwa zawadi, akaiacha juu ya boksi. Walimwambia akae, kura nyingine itapigwa, wanahitaji maoni yake. Alijibu kwamba magoti yanamsumbua, ingawa magoti mabovu yalikuwa ya Curtis. Hakujua walichagua nini. Hakuuliza, na walipompigia simu aliacha ilie.

Nyumbani alijaribu. Aliiweka nakala yake ya zamani kwenye mwendo wa thelathini na tatu, na ilikuwa nzuri kama siku ya kwanza, sauti ileile ya mwanamume anayeosha vyombo. Lakini kila alipofika wimbo wa tatu alimsikia yule msichana humo ndani, amekanyagwa, anajaribu kuinuka. Akaitoa. Baada ya hapo alisikiliza redio ya hali ya hewa.

Aliwaona Curtis na Lorna mara moja tu tena, Januari, alipokuwa akitoka kununua mkate. Lori dogo la kukodi lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu pembeni ya ofisi ya posta, limejaa mpaka juu maboksi ya Lorna ya kuhamia Tucson. Curtis alikuwa kwenye usukani na Lorna kando yake, madirisha yamepandishwa kwa baridi. Walikuwa wanabishana. Curtis alikuwa ameachia usukani kabisa, mikono yote miwili hewani, na Lorna alikuwa akitikisa kichwa na kugonga jalada fulani kwa kidole, analirudisha usoni pake mwenyewe, analigonga tena. Dell alisimama kando ya njia na mkate wake. Alijaribu kuona ni jalada la albamu gani, lakini kioo kilikuwa na ukungu. Taa ikageuka kijani, gari la nyuma likapiga honi, na Curtis akakanyaga mafuta bila kunyamaza.